Kompyuta Haina Shangazi

Ofisini walimwita Kichwa. Siyo kwa sababu ya ukubwa, ingawa tuseme tu ukweli, kofia nyingi zilikuwa zinagoma kumwingia. Walimwita hivyo kwa sababu kila kitu alikuwa nacho humo humo. Ukimuuliza amri fulani ya kompyuta inaandikwaje, haangalii popote. Anafumba jicho moja kama mtu anayelenga manati, halafu anakutajia mpaka nukta na mabano. Miaka kumi na minne ya kuandika programu, na hakuna aliyewahi kumkuta ameinamia kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwepo. Kikubwa, kurasa mia tisa na kitu, jalada la bluu, kila amri ya ile lugha ya programu imeelezwa moja moja: inafanya nini, haifanyi nini, na inafanya vituko gani ukiiachia. Ofisi ilikinunua mwaka ule walipohama kutoka lugha ya zamani kwenda lugha mpya. Kichwa alikipokea kwa mikono miwili, akakipima uzito, akasema, "Hiki kinafaa," akaenda kukilaza kwenye mlango wa chumba cha seva ili usijifunge. Maana mlango ule ulikuwa na tabia ya kujibamiza, na kiyoyozi cha humo ndani kilishakata tamaa ya maisha zamani. Kuanzia siku hiyo kitabu kikaitwa Askari.

"Askari yupo kazini?" watu wanaulizana asubuhi.

"Yupo. Kalala mlangoni kama kawaida."

Ofisi yenyewe ilikuwa ya matokeo ya mitihani. Kila somo lina karatasi mbili. Unajumlisha alama zake, unagawa kwa mbili, unapata wastani. Ukiangukia kwenye nusu, nusu inapanda: sitini na nne na nusu inakuwa sitini na tano. Ndivyo mwongozo wa ofisi ulivyosema, na ndivyo Mama Rula alivyofanya kwa mkono na kalamu nyekundu miaka karibu ishirini, kabla Kichwa hajamwandikia programu ya kumfanyia.

Mama Rula naye jina lake la nyumbani wengi walishalisahau. Alikuwa hasomi orodha bila rula ya plastiki chini ya mstari. Rula inashuka mstari mmoja, midomo inacheza, kichwa kinatikisika kidogo kukubali, rula inashuka tena. Majina elfu tatu, mistari elfu tatu. Vijana wa ofisi walikuwa wanamwigiza wakiwa kwenye foleni ya chai, wanashusha kidole hewani na kutikisa kichwa. Mwenyewe akiwaona anasema, "Igeni tu, siku mtakayokosewa majina kwenye vyeti vya ndoa mtanikumbuka."

Sasa, mwaka ule wa kwanza wa programu mpya, siku moja kabla ya chai, Mama Rula aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Kichwa, mwanangu, njoo uone kitu."

"Kitu gani Mama, nije na miwani?"

"Njoo kwanza. Nusu hii imepanda. Hii imeshuka. Hii imepanda. Hii imeshuka tena. Kwani zinacheza bembea?"

Kichwa hata hakuinuka. Alikiburuza kiti chake na magurudumu yake mpaka mezani kwa yule mama, akaitupia ile karatasi jicho kama unavyolitupia tangazo kwenye simu kabla ya kulifuta.

"Mama, hiyo amri naijua kuliko ninavyoijua namba yangu ya simu. Nusu inapanda. Kila siku inapanda."

"Hapa imeshuka."

"Basi aliyeingiza alama kakosea."

"Aliyeingiza ni mimi. Na karatasi za walimu hizi hapa."

"Si ndiyo nasema sasa!"

Ofisi nzima ikacheka. Mama Rula naye akacheka, maana alikuwa hana makuu. Lakini hakuachia.

"Hebu basi kifungue kile kitabu. Tuone kinasemaje. Dakika moja tu."

"Kitabu!" Kichwa alishika kifua. "Mama unataka kuniaibisha mbele za watu? Kile ni cha wanaoanza. Halafu nikimwamsha Askari, mlango unajifunga, mashine zinachemka, watoto wanakosa matokeo, wazazi wanatufuata na marungu. Unataka hivyo?"

"Haya. Wewe ndiye unayejua," alisema Mama Rula, akarudisha rula yake kwenye mstari.

Ila kwa vile mikono yake ilikuwa haiwezi kuona kitu na kukiacha, alichukua penseli, na pembeni ya kila nusu akaweka kamshale kadogo. Iliyopanda, mshale juu. Iliyoshuka, mshale chini. Alifanya hivyo orodha nzima, ukurasa kwa ukurasa, akaiweka kwenye faili lake. Alisema atamwonyesha tena Kichwa akiwa hana haraka. Na Kichwa, kama mnavyowajua watu wa kompyuta, alikuwa hana siku ya kutokuwa na haraka.

Matokeo yakatoka. Wiki ya tatu akaingia ofisini fundi cherehani mmoja, futi ya kitambaa bado inaning'inia shingoni, karatasi mbili mkononi. Hakuomba kiti. Alizilaza zile karatasi mezani kwa Bosi, mkuu wa kitengo, akazinyoosha kwa kiganja kama kitambaa kabla ya kukata.

"Mheshimiwa, mimi sikusoma sana. Lakini nusu inchi naijua, maana ukiikosea suruali haipandi. Kijana wangu kwenye Kemia ana sitini na tisini... samahani, sitini na sitini na tisa. Gawa kwa mbili."

"Sitini na nne na nusu," alisema Bosi.

"Mmempa sitini na nne. Akakosa B kwa alama moja. Sawa. Sasa huyu binti, darasa lile lile, Kemia hiyo hiyo, ana sabini na nane na themanini na moja. Gawa."

"Sabini na tisa na nusu."

"Mmempa themanini. Kapata A. Nusu ya mwanangu imekwenda wapi, na nusu ya huyu binti imetoka wapi?"

Bosi alizivuta zile karatasi karibu. Akauliza huyu binti ni nani.

"Mwulize huyo mama mwenye rula," fundi alisema. "Anaishi kwake. Ni mtoto wa kaka yake."

Hapo ndipo hewa ya ofisi ilipobadilika. Kila mtu alijua kwamba Mama Rula analea binti wa kaka yake, maana picha ya huyo binti ilikuwa imebandikwa kwenye meza yake kwa gundi ya karatasi, amevaa koti jeupe la maabara ya shule, anajizuia kucheka. Na kila mtu alijua kwamba faili la mwisho kabla ya kuchapishwa matokeo linapitia kwake.

Kikao kiliitwa siku hiyo hiyo. Bosi, mtu mmoja kutoka makao makuu aliyekuja na kalamu tatu mfukoni, Mama Rula, na Kichwa kama mtaalamu. Faili likafunguliwa, na ile mishale ya penseli ikaonekana. Juu, chini, juu, chini.

"Hii ni nini, Mama?" aliuliza yule wa makao makuu.

"Nilikuwa naweka alama, zile nusu zilizopanda na zilizoshuka. Ili nimwonyeshe..."

"Uliweka alama za nani apande na nani ashuke?"

"Hapana. Zilishapanda zenyewe."

"Zenyewe." Yule mtu aliandika hilo neno, akalipigia mstari. Kisha akamgeukia Kichwa. "Mtaalamu, kuna uwezekano wowote kompyuta ikampandisha mmoja na kumshusha mwingine, wote wana nusu?"

Hapa lazima tuseme kitu kuhusu Kichwa. Hakuwa na ubaya na Mama Rula. Alikuwa anampenda, tena alikuwa anamletea karatasi za printa bila kuombwa. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, ule wa kupata maneno matamu kabla hajafikiri. Na maneno yakaja.

"Mkuu," alisema, "kompyuta haina shangazi."

Chumba kilipasuka. Yule wa makao makuu alicheka mpaka kalamu moja ikadondoka. Bosi akajifuta macho. Mama Rula mwenyewe alicheka, kicheko kidogo cha adabu, maana alidhani huo ni utani wa kufungulia, na kwamba baada yake mtaalamu ataeleza. Akamtazama Kichwa akisubiri maelezo. Maelezo hayakuja. Kichwa alikuwa anafurahia kicheko chake.

Kabla ya chakula cha mchana maneno yale yalishafika kwenye grupu la kazini. Kufika saa tisa kuna mtu keshatengeneza stika, kompyuta imevaa miwani, imekunja mikono, chini yake imeandikwa KOMPYUTA HAINA SHANGAZI. Watu wakaituma kwa kila kitu. Umechelewa kazini? Stika. Umenyimwa likizo? Stika. Kichwa alihesabu mioyo myekundu ishirini na sita kwenye ujumbe wake mmoja. Rekodi.

Mama Rula alikuwemo kwenye lile grupu. Alikaa siku mbili, kisha simu zikaonyesha kwamba ametoka.

Uamuzi nao ulikuja, na ulikuwa kichekesho ambacho hakuna aliyecheka. Ili haki itendeke, binti alishushwa kutoka themanini hadi sabini na tisa. Kijana wa fundi aliachwa palepale kwenye sitini na nne. Yaani mtoto aliyepata sawa walimkosea, na aliyekosewa wakamwacha hivyo hivyo, halafu wakaita usawa. Mama Rula hakufukuzwa. Aliambiwa ahamie stoo, akahesabu viti vibovu mwezi mzima, mwishowe akaandika barua ya kustaafu mapema. Kadi ya kumuaga ilizunguka ofisini, na Kichwa akachora humo rula ndogo yenye mikono, inapunga. Aliona ni kitu cha upendo.

Ikapita miezi kumi.

Siku hiyo alikuja seremala kubadilisha mlango wa chumba cha seva. Kiyoyozi kipya kilikuwa kimeshafungwa, sasa mlango ulitakiwa ujifunge vizuri. Seremala alimnyanyua Askari kwa mkono mmoja, akampuliza vumbi.

"Kaka, hiki nikitupe au kina mwenyewe?"

"Lete hapa," alisema Kichwa.

Chumba cha seva hakiachwi wazi na mgeni peke yake, hivyo Kichwa alilazimika kukaa pale koridoni mpaka bawaba zote zikazwe. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, kitabu mapajani. Jalada lilikuwa limepasuka pale mlango ulipokuwa unaling'ata. Na alikifungua kwa nia moja tu, msidanganywe: alitaka kukicheka. Alitaka atafute amri nyepesi kuliko zote, ile ambayo hata mtoto anaijua, apige picha ule ukurasa, aurushe kwenye grupu na maneno, "Eti kuna mtu alikaa chini akaandika hiki." Akaenda kwenye faharasa mwisho wa kitabu, kidole kikashuka mpaka kwenye amri ya kuondoa nusu. Hiyo hiyo.

Ukurasa wenyewe ulikuwa mfupi. Mistari sita. Mstari wa nne ulisema kwamba namba ikiwa katikati kabisa, haipandi moja kwa moja. Inakwenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, ile inayogawanyika kwa mbili. Mbili na nusu inakuwa mbili. Tatu na nusu inakuwa nne. Imefanywa hivyo makusudi, kitabu kikaeleza, ili ukijumlisha namba nyingi, zinazopanda na zinazoshuka zilingane.

Kichwa alisoma mara moja akacheka puani. Akasoma tena. Halafu akaacha kucheka.

"Kaka, nishikie bisibisi hapo," seremala alisema.

Kichwa hakusikia. Alishainuka, kashika kitabu wazi kifuani, anakwenda kwenye meza yake. Aliandika mistari miwili tu. Sitini na nne na nusu: kompyuta ikamjibu sitini na nne. Sabini na tisa na nusu: kompyuta ikamjibu themanini. Akafuta, akaandika tena polepole, kama labda vidole ndivyo vilivyokosea. Sitini na nne. Themanini.

Bembea.

Katika lugha ya zamani, ile aliyoanza nayo kazi akiwa kijana, nusu ilikuwa inapanda siku zote. Aliijua hivyo miaka saba kabla ya kuhama. Walipohama, kila kitu kilichokuwa kipya alikitafuta mtandaoni, akakipata, akajifunza upesi kuliko wote. Cha zamani hakukitafuta. Utatafutaje kitu unachokijua? Mtandao una majibu yote ya dunia, lakini unakaa unasubiri uulize, na yeye hakuwahi kuuliza. Kingekuwa ni kitabu, kimefunguliwa tu hovyo wakati wa chai, kingemwambia bila kuulizwa. Anayeanza asingekosea pale, maana anayeanza angesoma ule ukurasa. Kosa lile lilihitaji mtu mwenye uzoefu.

Alasiri nzima alikaa na rekodi za mwaka ule. Watoto wengi walikuwa wameguswa bila madhara, alama moja imepungua bila kugusa daraja. Lakini walioachwa chini ya mpaka wa daraja kwa sababu ya nusu iliyoshuka walikuwa arobaini na mmoja. Aliwaandika majina. Hakuwa na rula, akatumia ukingo wa bahasha, maana macho yalikuwa yanaruka mstari.

Nyumbani alimwambia mkewe jikoni, mkewe akiwa anaosha vyombo na yeye anavikausha. Alieleza namba shufwa, alieleza lugha ya zamani na mpya, alieleza kwamba wataalamu wengi hukosea pale. Mkewe alimwacha amalize.

"Sasa mimi unanieleza ili iweje?"

"Nakwambia tu."

"Mimi hukunitungia utani. Anayetakiwa kuambiwa si yule mama?"

"Nitamwambia. Nataka kwanza nirekebishe mfumo."

"Aha. Mfumo kwanza." Mkewe alimpokonya sahani. "Hiyo imekauka tangu zamani."

Mfumo ulirekebishwa kwa dakika nne. Bosi alichukua wiki tatu.

"Umesharekebisha?" Bosi aliuliza, mlango amefunga.

"Nimerekebisha. Lakini wale watoto arobaini na mmoja, na Mama..."

"Kichwa. Nisikilize. Ukifungua hili, mafundi cherehani wote wa mji watapanga mstari hapa. Mwaka ujao hakuna tatizo tena, si ndiyo? Basi. Yule mama alistaafu mwenyewe, kwa barua yake mwenyewe."

Na Kichwa, mwenye maneno mengi kuliko redio, siku hiyo alisema "Sawa" tu, akatoka. Wiki ya kwanza alijiambia anatafuta muda mzuri. Wiki ya pili alijiambia anaandika ripoti nzuri. Wiki ya tatu mtu kwenye grupu alirusha ile stika kwa sababu printa imekwama, watu wakacheka, mmoja akamtaja yeye, "Mtunzi mwenyewe yupo wapi?" Alijaribu kuandika kitu akafuta. Kesho yake aliipeleka ripoti makao makuu moja kwa moja, kurasa mbili, majina arobaini na moja, na nakala ya ule ukurasa wa mistari sita. Bosi hakumsalimia kwa siku kadhaa, lakini barua za kusahihisha zikaanza kwenda shuleni. Fundi cherehani alipata B ya mwanawe. Binti alirudishiwa themanini yake, kwenye karatasi.

Hapo ndipo Kichwa alipokwenda kwa Mama Rula. Ndiyo, hapo. Baada ya wote.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili juu ya duka la vipuri, ngazi ya chuma nje. Binti ndiye aliyefungua. Alikuwa mkubwa kuliko picha, na safari hii hakuwa na kicheko cha kuzuia.

"Shangazi, kuna mtu wa ofisini."

"Nani?"

Binti alimtazama Kichwa kutoka juu hadi chini. "Yule wa utani."

Mama Rula alikuwa anapiga pasi mashati ya watu. Siku hizi ndiyo ilikuwa shughuli yake, rundo upande huu, yaliyonyooka upande ule. "Pita, mwanangu, pita. Toa hizo nguo kwenye kiti." Sauti ilikuwa ile ile. Hilo lilimwumiza Kichwa kuliko kama angepigiwa kelele.

Alikaa. Akatoa kitabu kwenye begi, akakifungua kwenye ule ukurasa, akakiweka mezani kati ya mashati. Alikuwa amejiandaa njiani, lakini kilichotoka kilikuwa kifupi.

"Mama, ulikuwa sahihi. Nusu zilikuwa zinashuka."

Mama Rula alisimamisha pasi wima. "Nilikuwa sahihi lini? Siku ile nilipokuita au leo?"

"Siku ile."

"Hm." Alichukua kitabu, akakiweka mbali kidogo na macho, akasoma midomo ikicheza. Mistari sita. Alipomaliza alirudi mstari wa nne. "Kumbe ilikuwa ni kitu cha kusomwa tu hivi."

"Ndiyo, Mama."

"Dakika moja."

"Hata haifiki."

Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha pili. "Nilikuwa nasubiri nafasi ya kusomea maabara chuoni," alisema, hamwangalii mtu. "Walitaka A. Barua ya themanini imefika wiki iliyopita, chuo wamesema darasa limeshajaa, nijaribu tena. Sasa hivi nasomea uhazili. Uhazili si mbaya." Akaingia ndani, mlango ukafungwa taratibu.

Kichwa alisema anaomba radhi. Alisema mara mbili. Mama Rula alitikisa kichwa, siyo kukubali wala kukataa, kama mtu anayesikia habari za mvua ya mji mwingine.

"Unajua kitu kilichoniuma ni kipi?" alisema. "Siyo stoo. Siyo hata lile neno lako, maana lilikuwa linachekesha kweli, mimi mwenyewe nilicheka. Ni kwamba baadaye nilianza kuamini. Nilikaa hapa nikawa najiuliza, labda niligusa. Labda usiku nilifikiri mtoto wetu apate, asubuhi mkono ukafanya bila mimi. Wewe ulikuwa unajua sana, Kichwa. Ukisema kompyuta haikosei, mimi ni nani?" Alichukua shati lingine, akalitandaza, akaanza na kola. "Juzi mwenye duka chini kaandika tangazo, kakosea tarehe. Niliona. Nikapita. Nikasema labda ni mimi."

Pasi ilikwenda ikarudi. Kichwa alikifunga kitabu.

"Wale wa grupu wameambiwa?" Mama Rula aliuliza.

"Makao makuu wanajua. Bosi anajua."

"Sijauliza wao. Lile neno ulilisema kwa nani?"

Kichwa alitoa simu. Aliandika palepale, kwenye kiti, magoti yamebana begi. Aliandika kwamba nusu zilikuwa zinashuka kwa sababu ya programu aliyoiandika yeye. Kwamba Mama aliona kosa siku ya kwanza, akamwita, akamwomba afungue kitabu, na yeye akafanya mzaha. Kwamba mishale ya penseli ilikuwa ushahidi wa kosa lake yeye, siyo la Mama. Akaweka na zile namba za watoto wawili, ili asiwepo wa kusema hajaelewa. Hakuweka kichekesho hata kimoja. Kisha, kabla ya kutuma, alimpa simu aisome.

Mama Rula alizima pasi. Akaishika simu kwa mikono miwili, midomo ikaanza kucheza. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akarudi juu kidogo, akasimama mahali, kidole kikabaki hewani karibu na kioo bila kukigusa.

"Hapa..." alisema, akakirudisha kidole.

"Wapi, Mama?"

"Hapana. Basi tu. Itakuwa ni macho yangu."

"Niambie."

"Hapa umeandika huyu mtoto wetu alikuwa na sitini na tisa na nusu." Alimwangalia kama mtu anayeomba ruhusa ya kupita kwenye uwanja wa wenyewe. "Mimi nakumbuka sabini na tisa na nusu. Lakini sijui. Wewe ndiye unayejua."

Kichwa alitazama. Alikuwa ameandika sitini.

"Siyo macho yako, Mama," alisema. "Nimekosea mimi."

Mama Rula aliendelea kumtazama usoni, anasubiri, kama siku ile kwenye kikao. Kichwa akarudia, polepole, ili asiache nafasi ya kucheka: amekosea yeye, ni sabini na tisa na nusu, Mama kaona sawasawa. Akasahihisha mbele yake, akamwonyesha namba, akasubiri mpaka yule mama alipotikisa kichwa mara moja kukubali. Ndipo akatuma.